Laki Moja ya Kaya Bombo

Kila inapoandikwa habari ya vita vya Kaya Bombo, pwani ya kusini ya Kenya, idadi ya waliohama huwa ni ile ile: watu laki moja. Imo katika ripoti za watetezi wa haki za binadamu, ikaingia magazetini, na leo haiulizwi tena ilitoka wapi. Haijawahi kuwa 97,400 wala 103,260. Ni laki moja kamili, sifuri tano zimejipanga nyuma ya moja. Aliyewahi kufanya kazi ya takwimu akiona namba iliyonyooka hivyo hutambua mara moja kwamba hapana mtu aliyepita mlango kwa mlango na daftari mkononi. Ni makadirio, na huenda ni makadirio ya haki kabisa. Ila miaka inazidi kwenda, na eneo lote la Matuga na Likoni halina orodha ya majina ya watu walioacha nyumba zao mwaka 1997.

Waliouawa wana hesabu yao. Walipita 100, wakiwemo askari polisi, na aliyeuawa hupelekwa chumba cha maiti, akaandikwa, akazikwa na jamaa zake. Maiti hulala mahali pamoja ikangoja kuhesabiwa. Aliye hai akihama, leo yuko uani mwa kanisa Likoni, kesho yuko kwa shemeji yake Changamwe, keshokutwa amepanda basi la Kisumu. Karani wa kumfuata huyo hakuwepo.

Tukumbushane kisa chenyewe, maana kuna wasomaji waliozaliwa baadaye. Usiku wa Jumatano, tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana wenye mapanga, pinde, mishale na bunduki chache lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi cha kivukoni. Askari sita waliuawa. Bunduki zaidi ya 40 zilichukuliwa pamoja na risasi zake, mahabusu wakafunguliwa, majengo yakatiwa moto. Kutoka hapo vijana waliingia mitaani wakawaandama watu wa bara: Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu. Vibanda vya biashara vilichomwa, nyumba zikavunjwa, watu wakakatwa mapanga. Siku zilizofuata mashambulizi yalishuka kusini, Ng'ombeni, Matuga, Tiwi, hadi Diani, na yaliendelea kwa vipindi mpaka Novemba. Kabla ya hapo vilikuwa vimesambazwa vikaratasi vya kuwataka wabara wafunge virago. Vijana walikuwa wamekula viapo na kufanya mazoezi msituni, na msitu wa Kaya Bombo ndio ulioacha jina lake juu ya vita hivyo.

Hapo pana kejeli ambayo si rahisi kuipita. Kwa masimulizi ya Wamijikenda wenyewe, Wadigo wakiwemo, kaya zilianza kama mahali pa kukimbilia. Watu walitoka Shungwaya, kaskazini, wakisukumwa na Wagala, wakashuka hadi miinuko hii iliyo nyuma ya bahari, wakajenga vijiji ndani ya msitu mnene vyenye lango na njia nyembamba za kuingilia ili adui asiwafikie. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa, pamoja na Kaya Kinondo ya Diani, katika orodha ya urithi wa dunia. Msitu uliopandishwa hadhi kwa kuwa ulihifadhi watu waliohamishwa kwao, ndio ambao miaka kumi na mmoja nyuma ndugu zake walikuwa kambi ya kuwahamisha wengine.

Jiografia ya pwani ya kusini ni muhimu kwa habari yetu. Mwaka 1997 anayetoka upande huu kwenda Mombasa alikuwa na mlango mmoja, feri ya Likoni. Barabara kuu inayokwenda Lunga Lunga inaanzia hapo, inapita Ng'ombeni, Waa na Matuga, inafika njia panda ya Kombani inayopanda Kwale mjini, halafu Tiwi, Ukunda, Msambweni. Ukikataa feri, ilibidi uzunguke kwa barabara ya vumbi ya Kwale na Kinango mpaka utokee Mariakani. Hapakuwa na daraja la kuelea, wala barabara ya Dongo Kundu. Kwa maneno mengine, kama kuna mahali katika Kenya ambapo ingekuwa rahisi kuwahesabu watu wanaohama, ni pale kivukoni. Makarani wawili, meza, kalamu, na maswali matatu: umetoka wapi, mko wangapi, mnakwenda wapi. Siku hizi mashirika yanayofuatilia uhamaji hufanya kazi ya namna hiyo hiyo kwenye vivuko, stendi za mabasi na mipakani, na huilipia fedha nyingi. Agosti ile feri zilijaa magodoro, sufuria na watoto, na hakuna aliyeandika kitu.

Palipoandikwa ni pale palipokuwa na chakula. Kanisa Katoliki la Likoni lilifunguliwa, maelfu wakalala uani na ndani ya majengo yake. Msalaba Mwekundu na makanisa yalileta unga, maharagwe na blanketi, na ili unga utoshe ilibidi wanaokula wajulikane idadi. Hivyo ndivyo hesabu ya kwanza ya wakimbizi wa ndani ilivyopatikana, kama ilivyo karibu kila mahali duniani: anayehesabiwa ni anayepanga foleni. Hata kanisa lenyewe halikusalimika, kwani kabla Agosti haijaisha wavamizi walilifikia, na baadhi ya waliokuwa wamejisitiri wakahama mara ya pili. Kwenye orodha ya chakula, aliyehama mara ya pili huonekana kama mtu aliyeondoka tu, sawasawa na aliyerudi nyumbani salama. Makaratasi ya misaada ya aina hiyo yana kasoro hiyo siku zote. Yanajua nani yupo, hayajui aliyetoka ametokea wapi wala amekwenda kufanya nini.

Kisha kuna mpaka wa utawala. Likoni ilikuwa tarafa ya Wilaya ya Mombasa. Ukivuka Shika Adabu ukaingia Ng'ombeni, uko Wilaya ya Kwale, tarafa ya Matuga. Vita vilikuwa vile vile, lakini taarifa zilikwenda kwa wakuu wa wilaya wawili, ofisi mbili, mafaili mawili. Mtu wa Matuga aliyelala kanisani Likoni alikuwa ametoka katika faili la Kwale bila kuandikwa, akaingia Mombasa kama mmoja wa wengi.

Wengi waliofukuzwa Likoni walikuwa wapangaji. Walifanya kazi bandarini, hotelini Diani, viwandani ng'ambo ya pili, wakalala vyumba vya kukodi upande huu kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Na hata wenye nyumba, wako waliojenga kwa utaratibu wa kale wa Mombasa, ambapo kuta na paa ni zako lakini kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Mtu wa namna hiyo akichomewa nyumba, hana hati ya kuonyesha. Anachoacha nyuma ni majivu na jina lake kwa jirani, naye jirani kashahama pia. Wengine walikuwa na mashamba waliyonunua Matuga na Shimba Hills, wakayaacha au wakayauza kwa bei ya kutupa. Mauzo hayo, pale yalipopitia ofisi ya ardhi, yaliandikwa kama mauzo ya kawaida: muuzaji, mnunuzi, bei. Daftari la ardhi halina safu ya kuandika kwamba muuzaji alikuwa anakimbia.

Lakini kundi ninaloona limesahaulika kuliko yote ni la upande wa pili, la Wadigo wenyeji. Baada ya kituo cha polisi kuchomwa, serikali ilimwaga askari pwani ya kusini: polisi wa kawaida, kikosi cha GSU, wanajeshi. Ripoti za haki za binadamu zilizokusanya ushuhuda wa wanavijiji zinaeleza misako ya nyumba kwa nyumba, vipigo, ubakaji na kukamatwa ovyo kwa wanaume wa Kidigo. Vijiji vilibaki na wazee na kuku. Vijana na wake zao waliingia msituni au walikwenda kwa jamaa zao mbali na barabara. Watu hao nao walikuwa wakimbizi wa ndani kwa kipimo chochote utakachotumia, maana waliacha nyumba kwa kuogopa nguvu na hawakuvuka mpaka wa nchi. Lakini nani angejitokeza kuwaandikisha? Kwenda kupanga foleni ya unga Likoni ilikuwa sawa na kujipeleka kituoni. Katika laki moja ile tunayoitaja, sehemu kubwa inaeleweka kuwa watu wa bara, na Mdigo aliyelala porini wiki tatu hakuna aliyemtafutia tarakimu. Ni mwaka huo huo wa 1997 ambapo shirika la haki za binadamu la MUHURI liliundwa Mombasa, na malalamiko ya aina hii ndiyo yaliyokuwa hewani wakati linaanza kazi.

Kuna mtu mmoja ambaye angeweza kutoa hesabu ya pande zote mbili, naye ni mzee wa kijiji. Anajua nani kapanga kwa nani, nani ana watoto wangapi, nyumba gani imefungwa na kwa nini. Mbinu za kisasa za kufuatilia waliohama zinamtegemea yeye hasa: mtafiti anafika, anakaa naye, anauliza familia ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, kisha analinganisha na maelezo ya mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati na imamu. Kwa Matuga ya 1997 mbinu hiyo ingegonga mwamba. Mzee wa kijiji alikuwa chini ya chifu, chifu alikuwa mtumishi wa serikali ya chama tawala, KANU, na mzee mwenyewe alikuwa mshukiwa wa kwanza akiulizwa vijana wa kijiji chake wako wapi. Aseme wamekimbia, ataulizwa wamekimbilia kaya ipi. Anyamaze, ataambiwa anawaficha. Anayetegemewa kutoa takwimu lazima awe na usalama wa kusema, na jambo hilo halionekani katika jedwali lolote.

Kuna waliokuwa na hesabu nzuri ya watu wa Likoni na Matuga kabla ya vita, nao ni wale waliokuwa na daftari la wapiga kura. Uandikishaji ulikuwa umefanyika katikati ya mwaka huo. Uchaguzi mkuu ulifika tarehe 29 Desemba 1997, na sheria ilimtaka mtu apige kura kituo kile kile alichojiandikisha. Mwaka 1992 upinzani ulikuwa umepata viti Mombasa, na kura za watu wa bara zilichangia. Aliyehamia Siaya au Machakos na kadi yake ya Likoni alikuwa amepoteza kura bila mtu kumfuta katika daftari. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye na watafiti wa haki za binadamu waliona uhusiano huo wa wazi kati ya siasa za mwaka wa uchaguzi na kuhamishwa kwa watu. Sisemi kwamba siasa ndiyo iliyokuwa sababu pekee. Hasira za ardhi, za ajira hotelini, za viwanja vya ufukwe wa Diani vilivyogawiwa wakubwa wakati wenyeji wakiitwa maskwota, zilikuwa za kweli na zilikuwa za miaka mingi. Ila hasira haichagui mwezi, na hii ilichagua miezi minne kabla ya kura.

Halafu Oktoba ilileta mvua. El Niño ya 1997 ilianzia pwani kwa nguvu, barabara zikakatika, nyumba za udongo zikaanguka, na watu wakahama tena kwa sababu ya maji. Waliotoka mwituni wakakuta kuta zimelala. Kuanzia hapo hata anayetaka kuhesabu kwa nia njema hawezi tena kumtenga aliyefukuzwa kwa panga na aliyefukuzwa na mafuriko.

Kenya haikuwa mgeni wa mambo haya. Machafuko ya 1991 hadi 1993 yalikuwa yameng'oa watu wengi Bonde la Ufa, Nyanza na Magharibi; makadirio yalicheza kati ya 250,000 na 300,000. Serikali na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, walianzisha mpango wa pamoja wa kuwarudisha waliohama, na kwa mara ya kwanza kukawa na wataalamu wa kutembea kambi kwa kambi. Mpango huo ulikosolewa vikali baadaye, hasa kwa kutoendelea na hesabu pale serikali ilipoanza kuona hesabu ni aibu. Desemba 1994 kambi ya Maela, karibu na Naivasha, ilivunjwa usiku na watu wapatao 2,000 wakapakiwa malori na kutawanywa. Kambi ikifungwa, idadi ya wakimbizi hushuka siku hiyo hiyo kwenye karatasi, hata kama hakuna aliyefika kwake. Vita vilipofika Likoni, mpango huo ulikuwa umeshakwisha, na fundisho lake lilikuwa limeandikwa vitabuni tu.

Duniani kote, kwa kweli, mtu aliyehama bila kuvuka mpaka alikuwa hana mwenyewe. Mkimbizi anayevuka mpaka ana mkataba wa 1951 na ana UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Tunao mfano wa karibu kabisa, hapa hapa Kwale. Januari 2001, baada ya askari kuwapiga risasi waandamanaji Unguja na Pemba, Wapemba walipanda madau wakavuka mkondo hadi Shimoni. Walifika watu wapatao 2,000. UNHCR ilifika, ikawaandikisha, baadhi wakapelekwa Dadaab, na waliporejea kwao kuliwekwa kumbukumbu za kurejea. Shimoni na Matuga zilikuwa wilaya moja wakati huo, na kati ya matukio mawili haya ilipita miaka mitatu na nusu. Mpemba aliyevuka bahari aliingia katika orodha. Mpangaji wa Ng'ombeni aliyevuka kwa feri na watoto wake hakuingia popote. Angekwenda upande wa pili, akavuka Lunga Lunga hadi Tanga, naye angekuwa na namba.

Pengo hilo lilikuwa likizibwa polepole mbali na hapa. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulimteua Francis Deng, mwanasheria na mwanadiplomasia wa Sudan, kuwa mwakilishi wa Katibu Mkuu kwa watu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Kazi yake ilizaa Kanuni Elekezi, kanuni 30, zilizowasilishwa mwaka 1998. Mwaka huo huo Baraza la Wakimbizi la Norway lilianzisha Geneva kanzidata ya kufuatilia wakimbizi wa ndani, ambayo leo ni kituo kinachotoa takwimu za dunia kila mwaka. Mwaka 2004, Iraq, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilianza mfumo wake wa kurudi rudi mahali pale pale na maswali yale yale, ili ijulikane nani ameingia, nani ametoka na anahitaji nini. Mifumo hii ndiyo inayotuambia kwamba mwisho wa 2024 dunia ilikuwa na wakimbizi wa ndani milioni 83.4, na kwamba Sudan peke yake ilikuwa nao milioni 11.6, idadi ambayo nchi moja haijawahi kufikia. Kwa Matuga vyote hivyo vilichelewa. Kanuni ziliwasilishwa wakati watu wa Likoni tayari wamekaa miezi kadhaa ugenini.

Mwaka huo wa 1998 serikali iliunda tume ya kuchunguza machafuko ya kikabila, mwenyekiti wake akiwa Jaji Akilano Akiwumi. Ilikaa Mombasa, ikasikiliza mashahidi, ikakabidhi ripoti 1999, na ripoti ikakaa kabatini mpaka Oktoba 2002 ndipo wananchi wakaisoma. Ni kazi nzito, nami huirudia mara kwa mara. Inaeleza viapo, inaeleza jinsi maafisa wa usalama walivyopata habari mapema na wasichukue hatua ya maana, inataja watu wa kuchunguzwa zaidi. Lakini tume ilitumwa kutafuta waliofanya, na hilo ndilo ililolitafuta. Waliohama wamo kama mashahidi na kama jumla. Ukitaka kujua familia ngapi zilitoka Ng'ombeni na ngapi zilirudi, utafunga kitabu bila jibu.

Sensa ya Agosti 1999 nayo ingeweza kusaidia. Iliuliza mtu amezaliwa wilaya gani, na mwaka mmoja nyuma alikuwa akiishi wapi. Mwaka mmoja nyuma ni Agosti 1998. Aliyekimbia Matuga Agosti 1997 alikuwa keshatimiza mwaka kijijini kwao Vihiga, akajibu kwa ukweli kabisa kwamba mwaka jana alikuwa hapo hapo. Swali lilimpita kwa miezi kumi na miwili. Na hata lingemkuta, sensa haiulizi kwa nini umehama.

Ilipofika ghasia za 2007 na 2008, Kenya ilihesabu kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Wizara ya Mipango Maalumu ilitoa idadi ya watu 663,921, karibu 350,000 kati yao wakiwa kambini na 313,921 wakiwa wamejichanganya kwa jamaa na katika nyumba za kupanga. Tazama tarakimu hizo hadi ya mwisho, halafu uzilinganishe na laki moja yetu. Operesheni Rudi Nyumbani ilianza Mei 2008, na waliohama wakaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga nyumba. Pesa zilipotajwa, orodha ikawa mali. Wakazuka wakimbizi bandia, majina yakaongezeka usiku, na waliojisitiri kwa ndugu wakalalamika miaka na miaka kwamba wanaonekana ni wale tu wa kwenye mahema. Kwa watu wa 1997 mlango ulikuwa umefungwa, kwani orodha ilikuwa ya waliohama kwa sababu ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mtu aliyefukuzwa Likoni mwaka 1997, akahamia Eldoret, akafukuzwa tena 2008, angeandikwa kama aliyeanzia Eldoret. Maisha yake ya pwani hayana safu.

Desemba 2012 ilipatikana sheria. Inabeba Kanuni Elekezi za Deng na itifaki ya nchi za Maziwa Makuu, na inaitaka serikali izuie watu kuhamishwa, iwalinde na kuwasaidia wanapohama. Mwezi huo huo Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009, ulianza kutumika. Sheria ni nzuri. Haikuchukua muda kabla ya pwani kuijaribu: Tana River ilikuwa tayari inawaka, Mpeketoni ikashambuliwa Juni 2014, na mwaka 2017 wanakijiji wa Pandanguo, Lamu, walilala nje ya makwao wakiogopa Al-Shabaab. Mara zote hizo takwimu za mwanzo zilitoka, kama zamani, kwenye viwanja vya shule na makanisa ambako watu walikusanyika.

Yuko mtu mmoja wa 1997 ambaye safari yake inaweza kufuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mmiliki wa shamba la Waitiki, Likoni, ardhi ya zaidi ya ekari 900. Aliondolewa na vita vile, maskwota wakaingia, wakajenga, wakazaa watoto humo. Yeye alikuwa na hatimiliki, kwa hiyo kulikuwa na kesi, kulikuwa na amri za mahakama, mawaziri walizungumza, na mwishowe serikali ilikubali kulinunua shamba kwa zaidi ya shilingi bilioni moja. Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifika kugawa hati kwa waliokuwa wakiishi humo. Miaka kumi na minane ya makaratasi kwa mtu mmoja. Simuonei gere, haki yake ni haki yake. Ninachotazama ni kwamba kilichomfanya aonekane ni hati, na mpangaji wa chumba kimoja mtaa wa Ujamaa, Likoni, aliyechomewa kitanda usiku ule ule hakuwa nayo.

Sasa Kwale ina watu 866,820 kwa sensa ya 2019, na wabara wamerudi tele, wengine wapya kabisa, wanapanga Ng'ombeni na Kombani na kuvuka kwenda kazini. Ukiwauliza vijana wao habari za Kaya Bombo, watakutajia jina la msitu na si zaidi. Je, bado inawezekana kuwahesabu wa wakati ule? Kwa sehemu, nadhani, ndiyo, na si lazima kuanzia kwenye ripoti. Agosti 1997 ilikuwa likizo. Shule zilifunguliwa Septemba kwa muhula wa tatu, na kila mwalimu wa darasa alifungua daftari la mahudhurio lenye majina aliyoyaacha Julai. Aliyefika alitiwa alama, asiyefika akabaki na nafasi tupu, siku baada ya siku, jina kwa jina, mvulana na msichana, mtoto wa mbara na mtoto wa Mdigo aliyepelekwa kwa nyanya yake Kinango. Shule nazo zina kumbukumbu za barua za uhamisho, na barua hutaja shule anayokwenda mtoto. Mtafiti atakayeingia stoo za shule za msingi kutoka Likoni hadi Tiwi, pale ambapo mchwa hawakumtangulia, itambidi aanze na mwezi huo mmoja wa Septemba. Maana mapema Oktoba walimu wa chama cha KNUT waligoma wakidai mishahara, na madaftari nchi nzima yakafungwa kwa muda.